Kutoka Dumila Hadi Sanamu ya Askari

Msafiri wa barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma hana haja ya kuuliza kama amefika Dumila. Kabla basi halijasimama sawasawa, madirisha yake huwa yamekwisha kuzungukwa na mikono iliyoinua ndoo za nyanya, mafungu ya vitunguu, mahindi ya kuchoma na ndizi mbivu, na kila mkono una sauti yake. Hapa ni kilometa zipatazo 70 kutoka Morogoro mjini. Njia ya Kilosa huchepuka kushoto. Na nyuma kidogo, pale Magole, njia ya Turiani huchepuka kulia. Mito iteremkayo kutoka milima ya Ukaguru imeipa ardhi hii rutuba, na mara nyingine huja kudai malipo yake kwa nguvu: Januari 2014 mafuriko yalibomoa kingo za daraja la Mkundi na kuikata barabara kuu, magari yakapanga foleni pande mbili kama ng'ombe wasiopata maji.

Mahali kama hapa pikipiki ni miguu ya watu. Mashamba yako mbali na lami, tenga la nyanya halibebeki kichwani mwendo wa saa mbili, na gari haliwezi kuingia katika vijia vya tope. Bodaboda, usafiri uliozaliwa kwa baiskeli miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, umeenea hata hakuna kijiji chetu kisichokuwa na kijiwe chake. Serikali ilikwisha kuutambua. Mwaka 2010 zikatungwa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Lakini mengi ya kanuni hizo, pamoja na ile ya kofia ngumu kwa dereva na abiria wake, huishia kwenye lami. Katika vijia vya shambani mtu hupanda kama alivyo, na kumwachia Mungu yaliyobaki.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, amefanya biashara ya nyanya Dumila kwa zaidi ya miaka 20. Alizaliwa miaka mitatu kabla ya Uhuru, na kwa umri wake angeweza kukaa barazani akihudumiwa na wanawe. Hataki. Husema kwamba mkono unaopokea tu husahau kazi yake. Basi alfajiri moja ya Februari 2024 alipanda bodaboda ya kijana aliyemzoea, tenga mbele, yeye nyuma, wakatoka shambani. Walipokwisha kuingia barabara ya Kilosa, lori dogo lililokuwa likiwakimbilia wanunuzi wa asubuhi lililipita jingine kwenye kona, likawavaa. Nyanya zilitapakaa barabarani, hata waliofika kwanza walidhani ni damu tupu. Kijana alivunjika mkono. Shangazi alivunjika mfupa wa muundi, mguu wa kulia, mahali pawili.

Ndugu msomaji, habari ya ajali yenyewe ndiyo hiyo. Haikuchukua dakika moja. Habari ninayotaka kukusimulia ni ya safari zilizoifuata, ambazo zilichukua miezi kumi.

KARATASI YA KWANZA

Safari ya kwanza haikuwa ya mbali. Ilikuwa ya kutoka ukingo wa barabara hadi kwenye gari la kumpeleka hospitali, na ndani ya hatua hizo chache shangazi nusura apoteze haki yake yote.

Mwenye lori alifika upesi kuliko askari. Alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema ajali ni kazi ya Mungu, polisi watawachelewesha wagonjwa, na yeye yu tayari kutoa cha kuwafaa ili mambo yaishe kiungwana. Akatoa karatasi iliyong'olewa kwenye daftari, imeandikwa kwamba aliyepokea fedha hizi hana dai jingine lolote, leo wala kesho. Kijana wa pikipiki, mkono wake ukining'inia, alipewa shilingi 150,000 akatia dole gumba. Mtu asimlaumu. Pikipiki haikuwa yake. Alikuwa nayo kwa mkataba, na kila jioni hesabu ya tajiri ilikuwa inamsubiri. Mtu mwenye deni la jioni haoni mbali zaidi ya jioni.

Shangazi alipopelekewa karatasi na shilingi 200,000, aliomba asomewe. Akasomewa. Akaomba aisome mwenyewe. Akiwa amelala juu ya kanga zilizotandikwa na wanawake wa sokoni, alisoma neno kwa neno, kisha akasema, "Mguu wangu sijaujua bei yake. Nitauuzaje?"

Maneno hayo yamekuwa mithali ya nyumba yetu. Lakini pia ndiyo sheria, ingawa mwenyewe hakuijua. Siku ya ajali hakuna mtu, hata daktari, awezaye kusema mfupa utaunga lini, utaunga vipi, na mgonjwa atabaki na kilema gani. Anayetia sahihi siku hiyo anauza kitu asichokiona.

Jirani mmoja alikimbilia kituo cha polisi kuleta fomu ya PF3, ile ambayo daktari huijaza kueleza majeraha ya mtu, naye shangazi akawa njiani kwenda Morogoro.

Njia hiyo nimeipita mara nyingi, lakini siku nilipoipita nikimfuata mgonjwa niliiona upya. Unapita Dakawa na mashamba yake ya mpunga, ambako katika miaka ya 1980 wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC walipewa ardhi wakajenga makazi yao. Unavuka Mto Wami. Kisha milima ya Uluguru inajitokeza mbele, buluu, imejifunika wingu, mpaka unapoingia mjini ikawa kama ukuta wa nyumba. Kila kilometa chache kuna kijiwe cha bodaboda chini ya mwembe. Nilijaribu kuwahesabu vijana wale nikaacha. Nilijiuliza ni wangapi kati yao wana stika ya bima iliyo hai, na wangapi wanajua stika hiyo inamlinda nani.

Katika wodi ya majeruhi wa mifupa nilipata jibu la upande wa pili. Vitanda vilijaa vijana, mguu huu umeinuliwa, ule umefungwa, na karibu kila mmoja ukimuuliza atakujibu neno moja: pikipiki. Shangazi alilazwa wiki tano. Alitiwa chuma ndani ya mfupa. Kila risiti aliyopewa, hata ile ya pamba, aliitia katika mfuko wa plastiki akaulalia.

KILOSA, MJI WA RELI NA MAFAILI

Mei tulikwenda Kilosa. Ukitoka Dumila unapita Rudewa, na baada ya mabonde na mashamba unafika katika mji wa kale uliokaa kando ya Mto Mkondoa, milima imeuzunguka. Ni mji uliolelewa na reli na mkonge. Miembe yake mikubwa ina kivuli cha kutosha watu wanaosubiri, na Kilosa ni mji wa kusubiri: watu husubiri treni, husubiri hakimu, husubiri faili.

Hapa ndipo nilipofahamu kwamba madai ya bima hayaanzii ofisi ya bima. Huanzia polisi. Askari wa usalama barabarani alikuwa amefanya kazi yake: alipima barabara, akachora ramani ya mahali pa ajali, akaandika maelezo ya mashahidi, na mkaguzi akayakagua magari yote mawili kuona kama breki na usukani vilikuwa vizima. Kutokana na hayo hutengenezwa taarifa ya polisi juu ya ajali, ambayo wenyewe huiita PF 90. Taarifa hiyo hutaja magari yaliyohusika, wenye magari, mashirika yaliyoyakatia bima na namba za hati zake, na nani aliyeonekana kuwa na kosa. Bila hiyo, mtu aliyevunjika mguu mbele ya shirika la bima ni mtu mwenye hadithi tu.

Dereva wa lori alishtakiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Alikiri kosa, akatozwa faini. Watu wengi wa kwetu, wakisikia mtu ametozwa faini, hudhani shauri limekwisha na aliyeumia amelipwa. Sivyo. Faini ni ya Serikali. Aliyeumia hapati hata senti moja katika faini hiyo. Anachopata ni kitu kingine chenye thamani: hukumu inayosema kwamba dereva alikosa. Tuliomba nakala ya hukumu hiyo, tukaambiwa turudi. Tulirudi mara tatu, shangazi akitembelea magongo, kila mara nauli, kila mara siku nzima. Mara ya tatu tuliipata, imepigwa muhuri. Shangazi aliibusu kama mtu aliyepokea barua ya mwanawe kutoka ng'ambo.

BIMA NDOGO NA BIMA KUBWA

Kabla hatujafika Dar es Salaam, yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Bima ni neno lililovuka Bahari ya Hindi kutoka kwa Wahindi likakaa kwetu kama mwenyeji. Lakini jambo lenyewe si geni. Wanawake wa sokoni Dumila wana chama cha kufa na kuzikana: kila mmoja hutoa kidogo kila mwezi, na aliyefiwa hubebwa na wote. Tofauti ni kwamba katika chama chao wanajuana kwa sura, na katika bima hujuana kwa karatasi.

Sheria yetu, tangu mwaka 1945, inamtaka kila mwenye chombo cha moto kinachotembea barabarani awe na bima, angalau ile ambayo mtaani huitwa bima ndogo. Bima ndogo haimlindi mwenye chombo wala haitengenezi chombo chake. Inamlinda mtu wa tatu, yaani mtu mwingine atakayeumizwa au kuuawa na chombo hicho. Bima kubwa ndiyo inayoongeza juu yake matengenezo au thamani ya chombo chenyewe.

Hapa vijana wengi wa bodaboda hukosea. Kijana wetu alikuwa na stika halali, akadhani itamtibu mkono wake. Haikumtibu. Mkono wake ulikuwa wa kudaiwa kwa bima ya lori, kwa kuwa lori ndilo lililokosa. Na mlango huo alikuwa amekwisha kuufunga kwa dole gumba lake mwenyewe.

Liko na jambo jingine. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, kisha ikabeba abiria wa kulipa nauli, imefanya kazi isiyoandikwa katika hati yake, na shirika laweza kusimama juu ya hoja hiyo kukataa dai la abiria. Tofauti ya bei kati ya bima ya binafsi na ya biashara huonekana kubwa siku ya kukata. Siku ya ajali huonekana ndogo sana.

SIKU MBILI MJINI

Agosti tulikwenda Dar es Salaam. Reli ya kwanza kati ya mji huo na Morogoro ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na kwa zaidi ya karne moja ndiyo iliyokuwa kipimo chetu cha safari. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kwenye reli mpya ya kisasa, nasi tukawa miongoni mwa waliotaka kuionja. Shangazi aliketi dirishani, mguu ameunyoosha. Ngerengere ikapita, Ruvu ikapita, Pugu ikaja, na saa mbili hazijatimia tukawa mjini. "Wangekuwa wanalipa madai kwa mwendo huu," alisema, "tungerudi jioni na fedha."

Tulishuka kwenye bajaji karibu na Sanamu ya Askari. Kila mgeni wa Dar es Salaam huonyeshwa sanamu hiyo: askari wa shaba, amesimama tangu mwaka 1927 katika makutano ya mtaa ambao sasa unaitwa Samora, bunduki mbele, ncha ya singe imeelekea bandarini. Ni kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Shangazi aliuliza kama wapagazi nao walilipwa. Nilimwambia wengi walifia porini, na wengi hata majina yao hayakuandikwa mahali popote. Alitikisa kichwa. "Asiyeandikwa halipwi," alisema, tukaendelea na safari.

Mitaa inayoizunguka sanamu hiyo ina mabenki na mashirika ya bima. Zamani jambo lilikuwa rahisi: Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, likawa mali ya umma kamili baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kwa miaka mingi ukisema bima umesema shirika hilo. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kuyasimamia yote. Leo makampuni ni mengi. Kazi ya kwanza ya mdai ni kujua lipi hasa lililokata bima ya chombo kilichomuumiza, na kama bima hiyo ilikuwa hai siku ya ajali. Siku hizi stika ni za kielektroniki, na mtu mwenye simu aweza kuihakiki kwa mfumo wa Mamlaka kwa namba ya chombo tu. Zamani stika za bandia zililiza watu wengi.

Mlangoni kwa kampuni, kabla hata hatujaingia, kijana mmoja nadhifu alitusogelea. Alijua tumefuata nini, magongo yalimwambia. Akasema ana watu ndani, tumpe faili lote, tutie sahihi ya kumwachia kazi, naye atatuletea fedha nyumbani baada ya kukata nusu yake. Hawa ndio vishoka. Wanakaa penye kila ofisi ambayo wananchi wanaiogopa, na chakula chao ni hofu hiyo. Shangazi alimpa shikamoo yake kijana yule, kijana akaona haya kuamkiwa na mtu wa makamo ya bibi yake, akaondoka.

Ndani tulipokewa kwa adabu. Karani, mama wa umri wangu, alichukua faili, akafungua, akahesabu: PF3, taarifa ya polisi, ramani, ripoti ya ukaguzi, nakala ya hukumu, taarifa ya daktari inayosema mguu umebaki na ulemavu wa kudumu wa asilimia 12, risiti za matibabu za shilingi 1,640,000 na za usafiri shilingi 286,000. Alisema mara chache huona faili la kutoka shamba lililokamilika namna ile. Tukaambiwa tungoje.

Tuliitwa siku ya pili. Kampuni ilikuwa tayari kulipa shilingi 1,200,000. Sababu zilielezwa: baadhi ya risiti hazikuwa za asili, na kuhusu kipato kilichopotea, mama huyu hana hati ya mshahara, hana leseni ya biashara, hana akaunti ya benki. Ilikuwa mbele yetu hati ya kukiri malipo, imekwisha kupigwa chapa, pengo la sahihi limeachwa. Na ndani yake, kwa lugha nzuri zaidi, yalikuwa maneno yaleyale ya karatasi ya kando ya barabara: aliyepokea fedha hizi hana dai jingine lolote.

Nakiri kwamba mimi ningetia sahihi. Nilikuwa nimechoka, likizo yangu inakwisha, na shilingi 1,200,000 zilikuwa mezani. Nilimtazama shangazi. Yeye alikuwa akimtazama karani.

"Mama," alisema, "mshahara ni karatasi anayopewa mtu na tajiri wake. Mimi sina tajiri. Lakini karatasi ninayo."

DAFTARI LA NYANYA

Hapa ni lazima nirudi nyuma. Shangazi hakupelekwa shule alipokuwa mdogo; walipelekwa kaka zake, baba yangu mmojawapo. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa kigori, katika madarasa ya kisomo cha watu wazima ya miaka ya 1970, akikaa kando ya mama yake chini ya mti, wakiandika kwa kupokezana kalamu moja. Tangu siku hizo alipata ugonjwa wa kuandika. Aliandika mvua ilipoanza, aliandika nani kakopa nini, na tangu alipoanza biashara hakuna tenga la nyanya lililopita mikononi mwake bila kuandikwa: limenunuliwa kwa kiasi gani, nauli kiasi gani, limeuzwa kwa kiasi gani, zilizooza ngapi.

Sisi watoto tulimcheka. Tulimwambia nyanya haziendi mahakamani.

Oktoba tulirudi Dar es Salaam, na safari hiyo alibeba kikapu. Ndani yake mlikuwa na madaftari manne ya miaka mitatu iliyotangulia ajali. Tulikuwa tumekaa naye jioni nyingi tukijumlisha, na wastani wa faida yake kwa mwezi ulikuwa shilingi 310,000. Miezi minane ya kukaa kitandani na kutembelea magongo ikafanya shilingi 2,480,000. Tulikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha kazi yake, na barua za wanunuzi wawili wanaochukua nyanya kwake. Hospitali ilikuwa imetupa taarifa ya malipo iliyopigwa muhuri kuthibitisha zile risiti zilizobishaniwa, na barua ya daktari inayosema chuma kitahitaji kutolewa baadaye kwa upasuaji mwingine. Tulidai jumla ya shilingi 7,500,000.

Vilevile tulikuwa na barua yetu wenyewe, yenye kurasa mbili, isiyo na neno la matusi. Ilieleza tarehe baada ya tarehe, ikataja kila kielelezo kwa namba yake, ikaomba jibu la maandishi. Na chini kabisa, upande wa kushoto, iliandikwa: Nakala kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Msomaji aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua kwamba mara nyingine mstari huo mmoja wa chini husomwa kabla ya kurasa mbili za juu.

Karani yule alifungua daftari la kwanza. Alisoma ukurasa mmoja, akafungua wa pili. Akamwita bwana mmoja wa chumba cha ndani, naye akasoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Walisoma kimya. Kulikuwa na ukurasa ulioandikwa: "Leo sikuuza. Msiba kwa Mama wa vitunguu." Kulikuwa na mwingine: "Tenga 2 zimeoza, mvua." Mwisho bwana yule aliinua kichwa akasema, "Mama, kuna wafanyabiashara wakubwa hapa mjini ambao hawana vitabu kama hivi."

Hatukulipwa siku hiyo, wala mwezi huo. Yalifuata mabishano ya barua, na moja ya barua zao ilipunguza thamani ya maumivu yake kwa maneno ambayo sikumsomea. Lakini katika wiki ya pili ya Desemba 2024 shilingi 5,300,000 ziliingia. Zilifidia risiti zote, usafiri wote, kipato cha miezi yote minane, na kiasi kidogo kwa ulemavu, maumivu na upasuaji ujao. Hazikuwa zote tulizodai. Safari hii alisoma hati ya kukiri malipo mara mbili, akauliza maana ya maneno matatu, akatia sahihi yake kwa mwandiko ule wa kisomo, herufi zimesimama wima kama watoto wa shule.

WALIOBAKI NJIANI

Nisingependa msomaji afunge ukurasa huu akidhani mambo yote yalikwisha kwa furaha. Kijana wa bodaboda bado anahangaika. Kampuni ilimwonyesha nakala ya karatasi aliyoitia dole. Sasa anasaidiwa na wasaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hawamtozi fedha. Wamemwambia kwamba karatasi iliyotiwa dole na mtu aliye katika maumivu yaweza kubishaniwa mahakamani, lakini si rahisi, na kwamba shauri la madhara ya namna hii lina muda wake: ni lazima lifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Mkono wake haukunyooka sawasawa. Pikipiki ilirudi kwa tajiri.

Nikiwatazama hao wawili, waliokuwa juu ya chombo kimoja, wakagongwa na lori moja, katika dakika moja, naona kwamba kilichowatenganisha si bahati. Mmoja alitia dole kabla hajajua bei ya mkono wake, mwingine alisubiri. Wala kusubiri kwake hakukuwa kwa ushujaa tu. Alikuwa na wanawe wa kumlisha, na wenzake wa sokoni waliomkopesha. Kijana hakuwa na wa kumkopesha. Ndiyo maana nasema kwamba dai la bima halidaiwi na mtu mmoja. Hudaiwa na jamaa: mmoja akimbilie PF3, mwingine aweke risiti, wa tatu afuatilie hukumu, na wote wamzuie mgonjwa asiuze mguu wake siku ya kwanza.

Na kama kampuni ikikataa au ikinyamaza, mlango hauishii kwa karani. Iko Mamlaka, yenye makao makuu Dodoma na ofisi za kanda; yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na sheria ileile ya 2009; na mwisho kabisa iko mahakama. Lakini kote huko utaulizwa kitu kilekile tulichoulizwa Kilosa na kando ya Sanamu ya Askari: karatasi yako iko wapi?

Nilikwenda Dumila majuzi. Shangazi amerudi mezani kwake, anachechemea kidogo, na kigoda chake sasa kina mto. Asubuhi ile alikuwa anakwenda shambani, na kijana wa kijiweni alikuja kumchukua. Kabla hajapanda, aliomba simu ya mjukuu wake, akamwambia aingize namba ya pikipiki, akangoja jibu. Kisha akaomba kofia ngumu. Kijana alikuwa na moja tu, akamvulia. Shangazi akakataa kupanda mpaka ilipoazimwa ya pili kutoka kwa mwenzake, naye akaivaa juu ya mtandio wake.

Vijana wa kijiweni walicheka, wakaita kwa sauti moja, "Mama Bima!" Naye hakukasirika. Alitoa daftari katika kikapu, akaandika tarehe, akaandika nauli, na pikipiki ikaondoka polepole kuelekea shambani.